Faili Lako, na Jina Nililolitoa

Kaka yangu mpendwa,

Kompyuta yako ya dukani Ndhiwa haiwaki tena. Maji ya mvua yalipenya paani yakaingia ndani yake. Sikulia, kwa sababu nilikumbuka ulivyokuwa ukisema, "Hii mashine hata ikizama ziwani, wacha izame. Nipe faili langu na mashine nyingine yoyote." Juzi hapa Migori nilipata mashine nyingine, nikachomeka flashi yako, nikalifungua faili hilo.

Unakumbuka nilivyolichukia? Nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuoni, nikijiona najua. Wanafunzi wenzangu waliongeza programu-jalizi, vile vijiprogramu vya nyongeza, kwenye vihariri vyao vya kuandikia, moja moja, kwa kubofya. Wewe uliandika kila kitu katika faili moja: kihariri ni hiki, rangi zake ni hizi, kikagua tahajia ni hiki na toleo lake ni hili. Kisha ulitoa amri moja, na mfumo wa vifurushi, ule unaopakua na kupanga programu, ukakijenga kihariri chote kama ulivyokitaja, bila kuongeza wala kupunguza. Siku moja nilichomeka programu-jalizi yangu kwa mkono, ndani ya mipangilio iliyokwisha kujengwa. Ulipojenga upya, ikatoweka. Nilikuja juu.

"Uliiandika kwenye faili?"

"Niliiweka tu."

"Basi haikuwahi kuwepo, nyamera, dada yangu." Ukacheka hadi ukafuta macho.

Duka lako liliishi kwa kuchapa vijitabu vya mazishi. Namkumbuka yule mama aliyeingia na kijitabu mkononi, wino haujakauka vizuri.

"Wewe mtu wa kompyuta! Nimempikia marehemu miaka yote hiyo, halafu unaniandika 'na wengine'?"

"Mama, samahani, orodha ya familia ilikuwa ndefu, nikaifupisha."

"Ndefu gani? Mimi siitwi Wengine!"

Ulikichapa upya chote. Wiki hiyo ukaanza kuandika programu-jalizi yako mwenyewe, ndogo, ya kulinganisha orodha ya familia na kijitabu, ikilipaka nyekundu kila jina lililosahaulika. Mliiandika pamoja na Atieno, mpenzi wako, mwalimu wa shule ya Sindo, mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano, aliyekuwa akija Jumapili na omena, dagaa wa ziwani, waliokaushwa na kukaa kwenye kiti changu bila kuniuliza. Nilimwonea wivu. Sijawahi kukuambia.

Ulipotuacha, kijitabu chako nilikichapa mimi. Baba mdogo alisimama nyuma yangu akisoma.

"Huyo msichana mtoe. Ng'ombe wa mahari hawajafika kwao. Tutamwita nani mbele ya watu?"

Nilimtoa. Ningeweza kusema nililazimishwa, lakini sikubishana hata kidogo. Siku ya mazishi nilimwona Atieno akikifungua kijitabu, akipitisha kidole kwenye majina hadi chini kabisa, kisha akageuza ukurasa kuona kama yanaendelea.

Basi juzi nilitoa ile amri. Vifurushi vikaja kimoja baada ya kingine, halafu kazi ikasimama. Mfumo ulisema hauipati programu-jalizi moja, ile ya majina. Katika faili lako umeagiza ichukuliwe kutoka kwenye kompyuta ya Atieno, na mfumo huu haujengi nusu. Ningefuta mstari ule mmoja tu, mengine yote yangejengeka. Sikuufuta. Atieno nilikwisha kumfuta mara moja.

Nikampigia simu.

"Shemeji," nikasema.

"Leo ndio nimekuwa shemeji?"

Nilimweleza habari ya faili, nikijikwaa kwa maneno kama mtoto. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa unataka programu, ama unataka nikusamehe?"

"Vyote viwili."

"Programu nakutumia saa hii. Hiyo ingine, ngoja."

Aliituma kweli, nikaiweka pale mfumo ulipoitafuta. Nikatoa amri tena, na kihariri chako kikafunguka na rangi zako zile za kijani iliyokolea, na njia zako za mkato ambazo vidole vyangu havikujua kama vinazikumbuka. Niliondoa mikono kwenye kibodi. Niliogopa kuandika chochote, kwa sababu kila kitu mle ndani ulikitaka wewe, na hakuna hata kimoja kilichoingia kwa bahati.

Mwezi ujao tunafanya kumbukumbu yako ya mwaka mmoja, na kijitabu ni changu tena. Baba mdogo ameleta orodha ya majina, ileile ya mwaka jana. Nilimwandikia Atieno kumuuliza nimwandikeje: mke, au mchumba?

Alijibu, "Andika Atieno. Mengine watu wa Ndhiwa wanayajua."

Nimeliandika jina lake baada ya la mama na kabla ya langu. Halafu nikamtumia Baba mdogo nakala kabla haijachapwa, asije akasema nilimficha. Amenipigia simu mara mbili nikiwa nakuandikia, nami sikupokea. Nilitaka kukuambia wewe kwanza. Sasa nampigia.

Pumzika, kaka.

Dada yako mdogo