Mtambo wa Akalla Unataja Jina

Hässelby, 14 Februari 1978

Shemeji Ssali,

Nakuamkia kwa heshima inayotupasa watu wa ukwe. Mimi ni mzima, isipokuwa kifua kinachosumbuliwa na baridi hii ya Uswidi. Dada yangu Clementina, mkeo, hajambo? Na mtoto, meno yameanza kuota?

Nakuandikia kwa posta, ingawa treni moja ingenifikisha kwako, kwa sababu tukiongea redioni wanachama wote wa chama chetu wangetusikia, na nyumbani kwako dada angetusikia.

Jumamosi, nikiwa chuo kikuu katika mtihani, ulisimama mbele ya chama chetu cha redio ukapigiwa makofi kwa chujio la mtambo mpya wa Akalla. Chujio hilo ni langu. Ni nani aliyekata mikebe ile ya shaba katika chumba cha kufulia, majirani wakinung'unika? Ni nani aliyeipima, akaisugua, akaipima tena, msimu mzima wa theluji? Mtambo wa kurudia sauti una kazi moja: kumsikia mtu wa Alby mwenye sauti dhaifu, na papo hapo kuirusha upya sauti hiyo hata wa Uppsala aipate. Bila chujio, mtambo hujiziba masikio kwa kelele zake wenyewe. Nao hurudisha sauti ya mtu kama ilivyo, jina la mwenyewe likiwamo. Je, mtambo ukushinde uaminifu?

Waliovuna wasikopanda tuliwafukuza Afrika. Sikutegemea kumkuta mmoja wao ukweni. Katika mkutano wa Machi, simama ulitaje jina langu. Sidai zaidi ya hilo.

Ni mimi, shemeji yako,
Severin

---

Alby, 27 Februari 1978

Shemeji Severin,

Barua imefika, nasi tu wazima. Meno yameota mawili, na mtoto anauma kila kitu, amemrithi mjomba wake. Clementina anauliza mbona huji kula Jumapili. Nimemwambia una mitihani.

Mwenyekiti aliuliza ni kazi ya nani. Mwafrika pale nilikuwa peke yangu. Wote wakanigeukia, nami nikanyamaza. Kunyamaza si kuiba. Na ni nani aliyepanda mlingoti kufunga antena, chuma kikinibandua ngozi ya vidole, huku wewe ukiwahutubia wanafunzi wenzako juu ya ukombozi wa dunia? Hotuba haikazi skrubu, ssebo, bwana wangu.

Niliikimbia Kampala na suruali niliyoivaa. Hapa, kwa mara ya kwanza, naitwa fundi, na nimepewa ufunguo wa paa la Akalla. Sitasimama mbele ya watu kujivua heshima hiyo mwenyewe.

Njoo ule, ugomvi uishe.

Shemeji yako,
Ssali

---

Hässelby, 6 Machi 1978

Shemeji Ssali,

Afya na amani ziwe nyumbani mwako. Nimekuelewa, wala sitaomba mara ya pili.

Chama kimenikabidhi kazi ndogo kuliko zote: kadi, yaani kibao kidogo cha vifaa vya umeme. Sheria inautaka kila mtambo ujitaje jina mara kwa mara kwa nukta na vistari vya Morse, na kadi ndiyo inayoupigia herufi hizo. Nitaiunganisha kwa mkono wangu, diodi moja baada ya nyingine, maana ndizo zinazopanga alama na mwendo wake. Wewe, uliyepewa leseni bila kujifunza Morse, utaipandisha tu na kuichomeka.

Marehemu baba, karani wa telegrafu katika posta ya Bukoba, alitufundisha mimi na dada kwa kugonga meza ya chakula. Alisema mkono wa mpigaji hutambulika kama sauti yake, na kwamba ikishagongwa alama ya kufunga kazi, hakuna ruhusa ya kujibu. Basi nitajitahidi mkono wangu utambulike.

Mwambie dada nitakuja kula mtambo ukishafunguliwa.

Shemeji yako,
Severin

---

Alby, 25 Mei 1978

Severin,

Leo sikuulizi hali.

Jumamosi mtambo ulifunguliwa, paa limejaa watu na vikombe vya kahawa. Ukajitaja jina, kisha ukaendelea kugonga. Mzee mmoja wa Kiswidi aliandika herufi kwenye kikombe chake cha karatasi, akanionyesha: SSALI MWIZI. Akauliza ni lugha gani. Nikamjibu ni majaribio. Akacheka, akaongeza kahawa. Paa zima halikuwa na mtu wa kuelewa tusi lako. Lingeishia hapo, ningekuvulia kofia.

Lakini dada yako alikuwa jikoni, redio imewashwa ili asikie mumewe akisifiwa. Umemsahau binti wa karani wa Bukoba? Nilipofika nilimkuta ameketi, sufuria inaungua, kidole chake kinaligonga mezani neno lile lile.

"Huu ni mkono wa Severin," akasema. "Umemwibia nini ndugu yangu?"

Sikuweza kumdanganya. Akaniambia nisile chakula chake mpaka niseme mbele ya wote.

Jana nimesema mbele ya chama. Nimewaambia chujio ni la Severin, wakaninyang'anya ufunguo. Halafu nikawaambia kadi nayo ni ya Severin, nikawafasiria maneno yake. Kumtukana mtu hewani hupoteza leseni. Sheria hiyo unaijua kuliko mimi.

Ulitaka jina lako litajwe. Nimelitaja mara mbili.

Mume wa dada yako,
Ssali

---

Hässelby, 19 Juni 1978

Shemeji,

Nakusalimu wewe na mtoto, na dada, ambaye barua zangu mbili hazijamfikia, au zimemfikia.

Leseni yangu imefutwa na redio yangu ya kurushia sauti imepigwa lakiri. Chama kimebandika jina langu kwenye chujio, kisha kikaniondoa uanachama. Nilichodai nimelipwa chote. Nawe, nasikia, umerudishiwa ufunguo, kwa kuwa hakuna Mswidi anayetaka kuupanda mlingoti ule.

Kusema hewani nimekatazwa. Kusikiliza hakuna wa kunikataza. Kila jioni nafungua kiredio changu kidogo, nakusikia ukiwaamkia wenzako kutoka Alby, sauti safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Chujio langu linakutumikia vizuri.

Jana ulipokuwa ukizungumza juu ya antena, nilisikia nyuma yako kidole kikigonga meza. Wewe hukukitambua. Nilisogeza sikio nikidhani nitasikia jina langu. Ilikuwa alama ile ya baba ya kufunga kazi. Dada aliigonga polepole, nisije nikakosea.

Mjomba wa mtoto wako,
Severin