Miche Elfu Nne na Bomba la Mjomba

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini usiniambie nivumilie, hilo nimeshaambiwa na ukoo mzima. Mimi ni mtunza miche kitaluni na msimamizi wangu ni mjomba wa mume wangu, sasa alichukua bomba alilopulizia dawa ya magugu kwenye mahindi, akalisuuza mara moja tu, akatia mbolea ya maji na kuipulizia miche yangu elfu nne ya nyanya, siku chache baadaye majani ya chini yakawa manjano kuanzia kingoni, nami nikaambiwa nimeinyima maji, mimi! Nikakata jani la kitaluni na jani la mche wangu wa nyanya wa nyumbani usiopuliziwa kitu, nikayaweka ndani ya kabati lenye giza, nikayamulika kwa taa ya buluu huku nikitazama kupitia kioo chekundu, na lile la kitaluni likang'aa wekundu zaidi, kwa sababu dawa ile huziba njia ya elektroni ndani ya jani, mwanga unaingia lakini nguvu yake haina pa kwenda, nyingine inarudi nje kama mng'ao mwekundu, nyingine inaliunguza jani lenyewe. Nikamwonyesha mjomba, akasema, “Mkwe, usiniletee sinema.” Jumatatu natakiwa kusaini barua ya kukiri uzembe, na mume wangu anasema, “Saini tu, yule ni mkubwa,” ila nikisaini hakuna kitalu kitakachonichukua tena. Nifanyeje?
Mtunza miche

Mtunza miche, pole, na hasira yako nimeipenda. Lakini nawe umezidi: ushahidi mzito hivyo unampelekea mwenye kosa, peke yake, bila shahidi? Ulitaka akupigie makofi?

Mumeo mwambie kumheshimu mjomba ni kumpisha kiti, si kumbebea kosa lake. Ukubwa haujawahi kuosha bomba.

Leo hii lifunge bomba hilo kwenye mfuko, lisiguswe na maji mpaka lipimwe. Kesho mwone mwenye kitalu, na taa, kioo na majani yako mawili. Usianze na elektroni, atasinzia. Mwambie mche wenye kiu ukinyweshwa huamka. Miche hii imelowa na bado inaungua. Akishatega sikio, mwonyeshe jani linavyong'aa.

Jumatatu wakikusogezea kalamu, ipokee kwa adabu zote za mkwe, igeuze, mpe msimamizi wako kwa mikono miwili: “Shika, mjomba. Saini wewe.”