Posa Kutoka Japani

S.L.P. 2716,
Langas, Eldoret.
14 Septemba 2025

Mpendwa Lorraine, mjukuu wangu na mke wangu mdogo,

Habari ya huko Nagoya? Unakula vizuri, ama bado ni samaki mbichi? Mimi niko mzima kupita vijana wote wa Langas. Goti ndilo linanung'unika, lakini sijaliuliza kitu. Nyanya yako Seline anakohoa kidogo tu.

Sasa maneno ya huyo Daichi anayetaka kukuoa. Najua baba yako George alikataa na najua umelia. George alisema watu wa huyo kijana hawajakanyaga hapa kwetu, wanapiga simu tu, na msichana wa Kijaluo haolewi kwa simu. Nilimwacha aseme wiki nzima. Leo baada ya kanisa nikamkalisha.

Unajua mambo ya serikali huniwezi. Redio nimesikiza tangu Uhuru. Nikamwambia, Japani walitutambua siku ile ile tulipopata Uhuru, na mwaka uliofuata wakafungua ubalozi Nairobi. Sisi kwao Tokyo tulifungua lini? Mwaka wa sabini na tisa! Walingoja miaka hiyo yote na hawakununa. Hata umeme wa Mto Sondu ni wao walitusaidia, na handaki lake la maji nilichimba mimi, karibu peke yangu.

"Na wewe George, watu wamechelewa miezi michache tu, umeshafunga mpaka?"

"Mzee, hiyo ni serikali. Hii ni ndoa."

"Balozi ni nini kama si mshenga wa nchi? Hao wamekuwa marafiki wetu miaka sitini na zaidi. Wewe na jirani hapa mmemaliza mwaka bila kusalimiana!"

Nyanya yako akacheka mpaka chai ikamwagika. "George, kubali tu, ama huyu atatuhesabia mabalozi mpaka jioni."

George akauliza kama hao watu hula ugali. Hapo nikajua nimeshinda.

Amekubali, Lorraine. Waje Desemba, mahindi yakishavunwa, na mama ya kijana asikose. Mimi ndiye nitakayesema kwa niaba ya Kenya. Hilo halina mjadala.

Shangazi yako Adoyo na binamu yako Lennox wanakusalimu. Msalimie Daichi, mwambie aje na njaa.

Mungu akufunike wewe na nyumba yenu mpya.

Usimwambie baba yako nimekuandikia hili, lakini sasa hivi nimemkuta nyuma ya nyumba, peke yake, anajaribu kuinama kusalimu kama wao.

Akupendaye kuliko huyo Mjapani,
Babu yako, Opiyo