Mleta Wimbi

Manyatta, Embu
10 Machi 2024

Kwa Baba mpendwa,

Muga, kwa salamu ya kwetu. Natumaini wewe na Mama mko wazima hapo Kianjai, na kwamba goti lako limekubali tena kwenda shambani. Mimi sijambo, ila mikono inanuka vitunguu hata nikiwa kanisani.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu najua msimamo wako, kwamba simu ni ya kuulizana mtu amefika wapi. Nina jambo kubwa. Mwajiri wangu Gitari, yule anayepika bia zake mwenyewe nyuma ya hoteli, anataka tuandae karamu Jumamosi ya tarehe 13 Aprili. Wageni watakaa mezani na kila chakula kitakuja na bia yake, kwa glasi ndogo. Kazi ya kuoanisha amenipa mimi. Bia nyepesi nimeiweka na samaki, ile chungu na nyama ya mafuta, ya asali na kuku wa pilipili. Imebaki moja, nyeusi, ya nafaka ya wimbi. Nimeijaribu na kila kitu jikoni na inagombana na vyote. Najua uliacha pombe zamani, lakini ulikua kwenye nyumba iliyoipika. Ilikuwa inaliwa na nini?

Na tafadhali uje. Utuletee gunia moja la wimbi yako, halafu ukae meza ya mbele, na wewe ndiye utufungulie karamu kwa maombi. Ukiniona siku hiyo utajua kwamba karo yako haikupotea.

Msalimie Mama.

Binti yako,
Kagwiria

*

Kianjai
19 Machi 2024

Kwa binti yangu Kagwiria,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi tuko wazima, na mama yako anasema upunguze kulala na nywele mbichi. Goti linalalamika asubuhi tu, mchana linasahau.

Nimecheka mpaka mama yako akaja kuuliza ni nini. Wewe mwenyewe hujatuletea mchumba hapa nyumbani, na sasa umekuwa mshenga wa bia. Haya. Pombe ya wimbi ina uchachu na ina moshi kidogo, ndiyo maana inagombana. Wazee wakinywa kwa baba yangu, nyanya yako aliwapelekea ndizi na mbavu za mbuzi. Ndizi iwe inakaribia kuiva, si mbichi wala si mbivu, na uiweke ndani ya majivu ya moto na ganda lake. Mbavu usizitoe mafuta. Utamu wa ndizi unatuliza uchachu, na mafuta yanapata kitu cha kuyaosha. Hakuna aliyeandika haya popote, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nitakuja. Suti ya harusi ya binamu yako bado inanitosha, ila kifungo kimoja.

Baba yako,
Kobia

*

Manyatta, Embu
16 Aprili 2024

Kwa Baba mpendwa,

Habari za tangu Jumamosi? Natumaini ulifika salama, maana uliondoka bila kuaga. Nilipokuja kukutafuta na sahani yako nikakuta kiti kitupu. Mlinzi aliniambia umeenda stendi na mvua inanyesha. Nimekupigia simu mara nyingi, haipokelewi.

Karamu ilienda vizuri. Ndizi na mbavu ndizo zilizosifiwa kuliko vyote.

Baba, pengine ulikasirika kwa sababu nilikuhamisha kutoka meza ya mbele nikakuweka karibu na mlango wa jikoni. Nilitaka upate hewa. Watu wa hapa hawajazoea mambo yale. Nilikuwa nimetaja maombi, nikatarajia maombi ya kawaida. Uliposimama ukapiga funda la bia ukawapulizia wageni kulia na kushoto, walishtuka, na yule mama mwenye gauni jeupe alilowa bega. Vijana walicheka wakatoa simu. Sikulaumu. Ni kwamba nilikuwa na kazi nyingi usiku ule, nikashindwa kukaa na wewe.

Nijibu tafadhali, hata mstari mmoja.

Binti yako,
Kagwiria

*

Kianjai
29 Aprili 2024

Kwa Kagwiria,

Nimepata barua yako. Tuko wazima.

Uliniambia nifungue kwa maombi. Mimi ni mzee wa kanisa, na ningewezaje kusimama mbele ya bia nikataja jina la Yesu? Nilifikiria njia nzima. Nikaona nitumie baraka ya baba yangu, ambayo ni ya kuwapulizia watu pombe, na funda lenyewe sikulimeza. Nilidhani nimepata njia ya kukuheshimu wewe bila kumkosea Mungu. Nimejua nilikosea, na naona aibu. Mwambie yule mama hivyo.

Hewa haikuwa shida. Nilipokaa pale mlangoni nilimwona anajipangusa kwa mkono, nikaamka kuja kukuomba kitambaa nimpelekee. Nilikuwa nyuma yako alipokuuliza, "Huyo mzee ni nani?" Nikasikia ulivyojibu. Kisha akauliza nani alikufundisha kuweka ndizi na bia ile, na jibu lako hilo pia nikalisikia.

Gunia lingine likihitajika, tuma ujumbe.

Ni mimi,
mzee anayewaletea wimbi

*

Manyatta, Embu
3 Juni 2024

Kwa Baba,

Sijui nianze kwa salamu gani. Natumaini mko wazima. Barua hii nimeianza mara sita nikairarua.

Nilisema hivyo. "Ni mzee anayetuletea wimbi." Nilisema na nikatabasamu. Alipouliza kuhusu ndizi nilimwambia nilisoma kwenye mtandao. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona simu zimeinuliwa, nikaona kifungo cha suti yako kimekatika, nikaogopa wataniona mimi kupitia wewe. Halafu nikakuandikia habari ya hewa, nikiomba Mungu uwe hukusikia. Hilo la barua linaniumiza zaidi, kwa sababu nililiandika nikiwa nimetulia na kalamu mkononi.

Nimesoma ulivyotia sahihi, na nimeikunja barua hiyo ndani ya Biblia, na siwezi kuufungua ukurasa ule.

Juzi Jumamosi tulikuwa na karamu nyingine. Yule mama alirudi. Bia nyeusi ilipofika nilisimama nikawaambia ndizi na mbavu ni mafundisho ya baba yangu, na kwamba mzee aliyewabariki mara ile ni yeye. Yule mama akasema, "Lakini si uliniambia ni muuzaji?" Nikamwambia nilimdanganya. Watu walitazama sahani zao. Sikupata nafuu niliyotarajia, Baba. Niliona aibu tu, mara ya pili, lakini hii ilikuwa yangu kweli.

Naweka ndani kadi ya menyu niliyochapisha, yenye jina lako. Sikuombi uje.

Ukikubali bado,
binti yako,
Kagwiria

*

Kianjai
20 Juni 2024

Kwa binti yangu Kagwiria,

Salamu. Tuko wazima, na mama yako alilia kidogo kisha akaniambia niache kiburi. Kwa hivyo naandika.

Kadi nimeisoma. "Ndizi za kuchoma" ni makosa, ni ndizi za majivu. Rekebisha. Na "Mwalimu Kobia" inatosha, toa "mpendwa," hiyo ni menyu.

Sasa nisikilize. Jibu lako lile nililifahamu kabla hujamaliza kulisema, kwa sababu niliwahi kulisema mimi. Mwaka wa 1978, nikiwa chuo cha ualimu, baba yangu alikuja kwa miguu, pekupeku, amebeba kibuyu cha uji wa wimbi. Wenzangu wakaniuliza ni nani. Nikasema ni mtu wa kwetu anayetuchungia ng'ombe. Alisikia. Aliweka kibuyu chini, akanisalimia kama anavyosalimiwa mtoto wa bosi, akarudi. Hatukulizungumza mpaka akafa. Hakujua kusoma, na mimi mdomo ulishindwa, na kalamu haikuwa na mtu wa kumwandikia. Tangu hapo napenda barua kuliko simu, na hata mama yako hakujua sababu mpaka wiki hii.

Kwa hivyo nilipotia sahihi ile, nilikuwa nakuadhibu kwa kosa langu na lako pamoja. Wewe umeandika. Umesema mbele ya watu. Mimi nina miaka sitini na saba na nimesema leo.

Julai nitaleta gunia mwenyewe. Kifungo kimeshonwa. Ndizi sikuzionja mara ile, kwa hivyo uniwekee. Bia sinywi, lakini ukitaka nibariki nitabariki, na nitageukia upande usio na magauni.

Na mtu akiuliza mimi ni nani, usiharakishe. Niache niseme mwenyewe kwamba mimi ni mleta wimbi. Kisha wewe useme lile lingine.

Baba yako,
Kobia