Barza ya Mama Hortense

Kipushi, le 12 mars 1961

Papa yangu Adrien,

Nakusalimia sana, weye na mama. Mugongo ilipona? Shiye tuko bazima: Kasonde anashuka kila siku mu mine ya shaba, na mimba yangu inatulia.

Virginie, ule wa avenue yenu, alipita hapa. Aliniambia mama alimwanga chai pembeni ya kikombe, kisha akacheka sawa vile alifanya makusudi. Papa, ile haiko muchezo. Macho yake inapunguka, na nyumba yenu iko giza ata muchana.

Nilifikiri. Paka chokaa nyeupe mu salon, mpaka juu. Kama courant ya umeme inafika ku avenue yenu, leta ampoule ya taa, lakini usiitundike juu kabisa. Ishuke karibu na meza, fasi yenye anachambulaka muchele. Toboa dirisha upande ya jua ya asubui. Na inje, upande ile ile, umujengee barza na banc ya kukalia, ya simenti, ku ukuta, asitafute kiti na mikono. Ngazi uipake nyeupe ku mwisho, mguu yake iione.

Usimuambie kama ni miye. Atakataa.

Mutoto yenu,
Delphine

Élisabethville, Commune Kenya, le 23 avril 1961

Delphine mutoto wangu,

Jambo, na jambo kwa mukwe wetu Kasonde. Tuko na nguvu. Mugongo ilikuwa inapona, lakini sasa binti yangu alikuwa chef de chantier, mukubwa wa kujengesha.

Chokaa iko ku ukuta. Dirisha iko wazi. Barza njo ilileta matata. Mama yako alisema: «Upande ya asubui iko tu ukuta ya jirani. Nitaongea na ukuta? Unijengee ku njia, nisikie bantu.» Nilimueleza habari ya jua. Akajibu: «Jua haina habari yoyote ya kunipa.»

Basi barza inazunguka kona. Asubui atakala na jua, mangaribi na bantu. Miti nilipata muzuri, na manjanja, mabati ya juu, iko ya mupya, mvua itapiga ngoma juu yake.

Alishajua ni weye. Anasema asante.

Papa yako,
Adrien

Commune Kenya, le 9 juillet 1961

Delphine,

Salamu mingi. Mimba inakuwa namna gani? Mama anauliza kila siku.

Courant ilifika. Nilimukalisha mama ku meza, nikawasha. Aliniangalia, akaniangalia tena, kisha akasema: «Kumbe, Adrien, ulishazeeka hivi?» Tulicheka mpaka jirani Annie akakuya kuuliza kuko nini. Sasa anatunga uzi mu shindano yeye peke yake.

Lakini Annie hakali tena na shiye ku barza. Bwana yake alimukataza. Bajeune, vijana ya avenue, banapita na kupiga makelele: «Baluba ya Kasai, murudie kwenu!» Mama anabajibu jambo. Usihangaike, ni maneno ya politique, itapita.

Papa yako

Kipushi, le 30 août 1961

Papa,

Muko bazima? Niambie tu hiyo. Nilituma barua mbili, hakuna majibu. Hapa banasema mu Commune Kenya banachoma manyumba ya bantu yetu, na bantu banakimbilia kwa basoda ya ONU, askari ya Umoja wa Mataifa. Miye nilizaliwa Élisabethville, sijaona Kasai ata siku moya, lakini ku robinet ya maji banamuke bananiuliza niko kabila gani. Kasonde anasema niseme niko Mubemba sawa yeye.

Niandikie ata neno moya.

Mutoto yako,
Delphine

Camp ya bakimbizi, Élisabethville, le 24 septembre 1961

Delphine mutoto wangu,

Tuko bazima. Usilie.

Balichoma nyumba ya jirani ya mbele. Sikungojea. Barza nilijenga na hii mikono, na hii mikono njo ilifungua manjanja na kungʼoa miti. Tulipakia mu charrette ya kusukuma, mama akapanda juu yake. Annie alisimama ku mulango yake, alifunika kinywa na kitambaa.

Sasa barza ile njo iko nyumba yetu. Manjanja iko juu, magunia iko pembeni. Bantu iko bamingi, huwezi kuona mwisho ya camp. Ndani iko giza tupu. Mama anakala ku mulango, anageuza uso fasi yenye mwangaza inatoka. Aliniuliza kama nilizima ampoule kule nyumbani. Nilisema ndiyo. Kweli, sikumbuke.

Kitu moya, na inanipa haya: Kasonde hawezi kumukaribisha mama? Yeye peke yake. Miye nitabakia. Hii fasi haiko ya muntu wa macho ya vile.

Papa yako,
Adrien

Kipushi, le 29 octobre 1961

Papa yangu,

Nakusalimia kwa machozi. Mutoto alizaliwa. Ni mwana-muke, nilimupatia jina ya mama: Hortense. Umuambie.

Kasonde alikubali. Alishatengeneza kitanda. Halafu kaka yake Jeannot alikuya, akasema mbele yangu: «Nyumba ya kuficha Baluba itachomwa, na mutoto ndani.» Kasonde alimufukuza. Lakini kisha alifunga mulango, akaniambia: «Delphine, mama akikuya, sitaweza kumulinda. Ata weye, sijue kama nitaweza.» Alilia, papa. Sijawahi kumuona analia.

Nilikasirika, nikafunga bintu, nikasema nitakuya kwenu na mutoto mukononi. Alisimama ku mulango, hakunigusa, alisema tu: «Kule mutoto atakufa.» Nikafungua bintu.

Masista ya misioni banawaletea blanketi na maziwa ya unga yenye nawatumia. Munisamehe.

Delphine

Camp, le 21 janvier 1962

Delphine,

Jambo, mutoto wangu. Ukale chini mbele ya kusoma.

Mama yako alikufa mu mwezi wa décembre, wakati wa vita ya basoda ya ONU na basoda ya Katanga. Njia ilikuwa imefungwa, sikuwa na muntu wa kukuletea habari. Mvua iliingia kila fasi, tumbo ikamushika, akapunguka, basi. Tulimuzika pembeni ya camp na bengine.

Habari ya mutoto ilimufikia. Alifurahi sana. Aliuliza: «Iko na macho ya nani?» Miye sijamuona mutoto. Nikasema: «Yako, ya zamani.» Akasema: «Muzuri.» Alirudilia neno ile mara mingi.

Nilikuandikia barua ya hasira, weye na bwana yako. Niliipasua. Kasonde alisema kweli: batoto banakufa hapa kila siku. Kama ungekuya, ningekuzika weye na mutoto.

Papa yako,
Adrien

Bakwanga, Kasai, le 15 juillet 1962

Delphine yangu,

Nakusalimia toka kwetu, kama iko kwetu. Mutoto anatambaa? Train ya ONU ilituleta, kisha camion. Njiani nilifikiri nitatambua kitu. Sikutambua kitu. Nilitoka hapa mutoto mudogo mukononi mwa papa yangu. Tshiluba yangu inabachekesha. Bananiita «muntu ya Katanga». Kule niko muntu ya Kasai, huku niko muntu ya Katanga.

Nalala mu hangar ya mizigo na bengine. Balinipatia kiwanja, lakini sina roho ya kujenga.

Ukuye na mutoto. Kama Kasonde anakubali, akuye naye. Niko peke yangu, Delphine.

Barua hii naituma kwa mukono ya Père moya wa misioni.

Papa yako

Kipushi, le 7 octobre 1962

Papa yangu mupenzi,

Salamu yangu yote, na ya mutoto. Alishatambaa, sasa anasimama kwa kushika sketi yangu, anaanguka, anacheka.

Barua yako ilifika imefunguliwa. Chef ya camp ya batumikaji ya mine alimuita Kasonde, akaiweka mbele yake, akamuuliza ni nani anamuandikia toka Kasai. Kasonde alisema ni barua ya kupotea. Balimuambia: ingine ikikuya, atatoka mu kazi na mu nyumba, na mbele ya kutoka batauliza muke yake ni nani.

Siwezi kukuya, papa. Kasonde akifika huko, batamufanya vile balitufanya hapa. Kumuacha, siwezi. Alikataa kusema jina yangu mbele yabo.

Yeye hakunikataza kukuandikia. Miye njo nakuomba: usiniandikie tena. Mpaka siku vita itaisha, kama itaisha. Ata salamu kwa kinywa ya muntu, usitume.

Ujenge kidogo ku kiwanja, usibakie mu hangar. Ukule. Utafute bantu ya kuongea.

Hii barua naipeleka kwa masista. Sijue kama itakufikia. Nitangojea. Nikiona miezi inapita na hakuna kitu ku mulango, nitasema: papa aliipata, aliisoma, ananisikia.

Mutoto yako,
Delphine