Kifuniko cha Vitenge Vyako Kilikataa Kulala

Mama Furaha,

Ejok, salamu yetu ile uliyoizoea. Huku Lodwar tuko, na Akiru wangu uliyemwacha akiwa tumboni sasa anatambaa. Ningependa niishie hapo kwa habari njema. Lakini nina aibu, na sijaona mwingine wa kumwambia.

Binti yako Furaha alikuja kutoka Kakuma na vitenge vyako vyote kwenye mfuko. Jumapili hii wanafanya maombi ya kukukumbuka, akaniomba nishone kifuniko cha kitanda kitandikwe pale mbele, halafu kiwe chake. "Mimi sikukaa kwa cherehani," akasema. "Mama alikufundisha wewe." Nikakata polepole. Hizo ni nguo zako, nikiziharibu hakuna zingine.

Vipande vilikaa vizuri mpaka nilipoweka pindo la pembeni. Nilishona tu utepe mrefu kuzunguka, nikakata ulipoishia, bila kupima. Kukitandaza kwa mkeka, pembeni kote mawimbi. Sasa sikia nilichofanya. Nilikilowesha, nikakitandaza juu ya mchanga, nikakivuta na kukipigilia vigingi pande zote, vile nyanya yangu anakausha ngozi ya mbuzi. Kilipokauka kilikuwa kimerefuka pembeni, kibaya kuliko mwanzo. Jirani alipita akaniuliza, "Mama Akiru, hiyo ni shuka ama umetushonea ziwa siku ya upepo?" Nikacheka naye. Alipoenda nikalia. Furaha akapiga simu, sikushika.

Ndipo nikakumbuka siku nilikuwa navuta kitambaa kwa nguvu nyuma ya sindano ya cherehani, ukanipiga kofi dogo mkononi. "Usikokote, mama. Fungula mushono." Kwenu kukokota ndiyo kuvuta. Hukukasirika hata. Ulikaa chini tukafumua pamoja.

Basi nimefumua pindo lote, peke yangu. Nimepima kwa kupitia katikati ya kitambaa, si pembeni palipovutika, na pindo nimelikata kwa kipimo hicho. Pini nimeanza kubana katikati ya kila upande, kisha kwenye pembe, halafu ule ulegevu nikaugawanya kidogo kidogo kati yake, ndipo nikashona. Pasi ya makaa nimeikandamiza na kuinua tu, sikuiburuta. Kimelala, Mama. Isipokuwa kona moja, ya kile kitenge cha kijani ulichovaa kanisani. Hiyo bado inainuka. Kitambaa kimechoka, naogopa kukifumua tena.

Nimempigia Furaha nikamwambia yote, hata vigingi. Nilidhani nimemuumiza. Kumbe anacheka, mpaka akalia. Akasema, "Lete hivyo hivyo."

Kesho naondoka kwenda Kakuma na Akiru mgongoni. Nakuahidi nitakitandika mwenyewe mbele ya watu wako, na ile kona sitaikunja ndani. Atakayeuliza nitamwambia hapo ni mkono wangu, mafundisho yako hayana kosa. Cha pili kitakuwa bora, cha Akiru.

Pumzika, Mama. Asante kwa kunivumilia.

Mwanafunzi wako,
Mama Akiru