Pombe ya Sajini

Kitura, Jumamosi jioni

Bado nacheka. Polisi amenipa pombe kwa kung'oa bangi yangu mwenyewe!

Mwaka jana polisi walikuja na Landrova, wakafyeka mpaka mahindi, wakaondoka na mdogo wangu Kosmas amefungwa pingu. Huyu sajini mpya kaja kwa miguu, akaitisha mkutano. "Hakamatwi mtu. Jumamosi njooni na majembe, tuing'oe pamoja."

Tukaenda shamba kwa shamba, kama tunavyosaidiana kulima ngoro, mashimo yetu ya mlimani. Mchana tukawa tumeichoma yote. Sajini akashukuru, akaaga. Hakuna aliyeinuka. Akabaki anatutazama.

Shangazi Matilda ndiye aliyemweleza. "Mwanangu, huku anayeita watu shambani huwapa pombe. Kazi tumemaliza, tunakungoja wewe."

Nilidhani atafoka. Alikuna kichwa, akaagiza madebe mawili ya pombe kwa jirani, akakaa nasi kwenye nyasi.

Wasiwasi ninao. Siku hizi wanunuzi wa kahawa wanajipangia bei wanayotaka, na yale mashina ya bangi ndiyo yaliyotuvusha. Tena sajini huyu akihamishwa, tutaletewa wa namna gani? Lakini Kosmas, ambaye tangu atoke jela akiona sare tu anajificha, leo amepokezana kata ya pombe na polisi. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Sajini alipoaga mara ya pili, Shangazi alimshika mkono, hataki kuuachia.

"Na mwakani, mwanangu, utatuita lini?"